Mashine ya Baba Mkwe

Kibao cha getini kilisema GUSA KILA KITU, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa. Nilikisoma mara mbili nikatamani turudi nyumbani. Maisha yangu yote nimefundishwa kinyume chake. Nilipokuwa mtoto, tukienda ugenini mama alinifinya sikio kabla hatujabisha hodi ili nikumbuke kutogusa. Zahanati ninapofanya kazi nimebandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha sindano, USIGUSE, na watu wanagusa hivyo hivyo. Na nilipoolewa, jambo la kwanza nililoambiwa kuhusu ukoo wa mume wangu lilikuwa ni nani nisimguse.

Huyo ndiye niliyekuja naye siku hiyo. Baba mkwe wangu.

Huku kwetu Karagwe mwanamke na baba wa mumewe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai benchi moja, na hata kikombe cha chai unakiweka mezani, unarudi nyuma, ndipo yeye anakichukua. Vijana wengi wa siku hizi wameacha, hasa wa mjini, lakini nyumba niliyoolewa mimi haikuacha. Kwa miaka kumi na mmoja nilimwamkia shikamoo nikiwa nimepiga goti hatua tatu mbali naye, na kwa miaka kumi na mmoja aliniitikia marahaba akiangalia migomba. Hakuwahi kunitolea neno baya. Lakini nilimwogopa, na sikuwa na haja ya kutafuta sababu, maana mimi ni mwoga wa vitu vingi. Naogopa radi, naogopa pikipiki, naogopa simu inayolia alfajiri. Mume wangu husema nilizaliwa nikiangalia nyuma. Nami humjibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, basi aniache na kicheko changu.

Baba mkwe hakuwa mwoga wa kitu chochote chenye mafuta na moto. Alikuwa na mashine ya kusaga pale Nyaishozi, ya dizeli, miaka ambayo umeme ulikuwa bado hadithi. Alijulikana mpaka vijiji vya ng'ambo kwa sababu mashine yake haikuharibu unga wa mtu. Kisha umeme ukafika, mashine mpya zikafika nao, na ile ya kwake ikakaa kwenye kibanja chini ya migomba mpaka kuku wakawa wanataga ndani yake. Mwaka juzi alimwita mnunuzi wa chuma chakavu akamwambia aichukue. Siku inapakiwa alikwenda kupalilia kahawa upande wa pili, asiione.

Aliyeirudisha mashine ile kwenye maisha yetu ni binti yangu wa miaka tisa. Shule yao ilipelekwa kuona makumbusho ya vyuma nje kidogo ya Omurushaka, ambako fundi mmoja wa kuchomelea amekusanya chuma chakavu cha wilaya nzima, na cha wilaya jirani ya Kyerwa pia, akakigeuza sanamu zinazocheza ukizigusa. Mtoto akarudi, akaenda moja kwa moja kwa babu yake. "Babu, mashine yako ipo. Sasa ina wanawake wanatwanga."

Mzee alikaa siku tatu bila kusema kitu. Siku ya nne alimtuma mtoto kwangu: mwambie mama yako Jumamosi tuende. Mume wangu alikuwa Mwanza kikazi, na mtu hamkatalii baba mkwe kwa sababu ya woga. Tukapanda bodaboda mbili, yeye ya kwake, mimi na mtoto ya kwetu.

Ndani ya uzio palikuwa na kelele kuliko gereji. Kulikuwa na ng'ombe mwenye pembe ndefu za mabomba ya ekzosi, ukikanyaga kiriba cha hewa kilichofungwa mguuni pake analia, na sauti yake ni ya ng'ombe kweli anayemtafuta ndama. Kulikuwa na korongo wa majembe yaliyolika, ukivuta mnyororo anapiga mabawa. Springi za lori zilipangwa kuanzia ndefu mpaka fupi, na mtu anazigonga kwa nondo zinatoa wimbo. Watoto wengine walikuwa wanapanda jitu la mapipa, wanaingia mdomoni na kutokea mgongoni. Binti yangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa natazama kingo. Nikiona kutu naona pepopunda; ndiyo kazi yangu ilivyoniharibu. Nilihesabu kichwani lini mtoto alichanjwa mara ya mwisho.

Fundi mwenyewe, mwembamba, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, alituambia hapa hakuna mlinzi wala kamba. "Gusa, vuta, panda. Kikivunjika nitakichomelea." Kisha akajiziba masikio kwa pamba na kurudi nyuma ya kibanda, ambako alikuwa anakata vyuma kwa grenda. Mlio wake ulijaa uwanja wote.

Mashine ya baba mkwe ilikuwa mwisho wa uwanja, peke yake, juu ya msingi wa zege. Nilimwona mzee akiitambua kabla hatujafika, kwa jinsi alivyopunguza mwendo. Gurudumu lake zito lilikuwa limesimamishwa wima, na juu yake fundi alikuwa amefunga mnyororo wa pikipiki uliopanda hadi kwenye gia, na gia ikawainua wanawake watano wa bati wenye michi. Ukizungusha mpini mkubwa upande wa mbele, wanawake wanatwanga kwa zamu, to, to, to, ndani ya kinu cha pasi ya mkaa. Mzee alivua kofia. Aliweka kiganja kwenye gurudumu kama mtu anavyoweka kiganja kwenye ubavu wa ng'ombe wake, akakiacha pale. Sikuwahi kumwona akigusa kitu kwa upole hivyo, nikageuza uso kwa aibu.

"Nilichonga alama humu," alisema, akiliambia gurudumu zaidi kuliko mimi. "Siku mume wako alipozaliwa. Kwa patasi. Iko upande wa nyuma."

Alizunguka nyuma, akapanda juu ya tofali ili aone vizuri. Mimi nilibaki mbele, penye mpini. Gurudumu lilikuwa katikati yetu na hilo lilinipa raha. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mtoto alikuwa ametutoroka, yuko kwa ng'ombe.

"Mama, zungusha kidogo," mzee aliniambia. "Alama ije juu."

Nikazungusha. Wanawake wakaanza kutwanga. "Endelea," alisema. Nikaendelea, nikiangalia michi na siyo mashine, maana sipendi kuangalia vitu vinavyozunguka. Kisha mpini ukawa mgumu. Nilifikiri ni kutu. Mwanamke wa kijijini hafundishwi kuacha kitu kwa sababu ni kigumu: ukikuta jembe limenasa unaongeza nguvu, ukikuta mlango umevimba kwa mvua unaongeza bega. Nikaongeza nguvu. Kitu kikakubali, kidogo tu, kisha kikagoma kabisa.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linalonirudia. Kama angepiga kelele ningeacha mapema. Kulikuwa na mlio wa grenda, kulikuwa na ng'ombe wa mabomba, na upande wa pili wa gurudumu kulikuwa na kimya ambacho kilinichukua muda kukisikia. Nikaita, "Baba?" Hakuitika. Nikazunguka.

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kichwa chake, na vidole vitatu vilikuwa vimeingia kati ya mnyororo na meno ya gia. Baadaye alisema alikuwa anafuta grisi ili aone alama. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Damu ilikuwa inashuka kwenye mkono wa shati, polepole, na alikuwa ameuma mdomo.

Nilirudi mbele mbio nikausukuma mpini urudi nyuma. Haukurudi. Fundi alikuwa ameweka kizuizi, kama cha baiskeli, mashine izunguke upande mmoja tu. Niliusukuma mpaka viganja vikachunika. Nikarudi nyuma tena nikakuta mambo yamezidi: magoti yake yalikuwa yanalegea. Mguu mmoja ulikuwa umetoka kwenye tofali. Kila alipolegea, uzito wa mwili wote ulining'inia kwenye vile vidole vitatu.

Sasa, mimi ni muuguzi. Sihitaji kufikiri ili nijue cha kufanya. Mtu aliyenasa na anazimia unamwinua, unambeba uzito, ili kilichonasa kisichanike, mpaka mwenye chombo afike. Niliinua mikono yangu yote miwili na kwenda kwake.

"Usije," alisema.

"Baba, nikushike kwapani tu, uzito usivute."

"Usinishike, mama. Ita mtu."

Nikasimama. Nilimpigia kelele mtoto akimbie kwa fundi, amwambie babu amenaswa na mashine. Nilimwona akikimbia, viatu mkononi, akipotea nyuma ya kibanda. Grenda ilikuwa inaendelea kulia. Nilijiambia ikinyamaza tu, basi amefika.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa baba mkwe wangu. Kazini nimeshika watu wa kila namna. Nimemshika mchungaji mgongoni akitapika, nimemshika mwenyekiti wa kijiji mkono akilia kwa kuogopa sindano, nimewashika wanawake wakijifungua na waliokufa nikawafumba macho. Lakini yeye, kila alipokuja zahanati kupimwa presha, mwenzangu ndiye aliyempima na mimi nikaenda kupanga dawa stoo. Wiki ya harusi yangu shangazi, dada wa baba yangu, alinikalisha akanieleza kwa nini. Mkwe akigusana na mkwewe, alisema, mikono ya wote wawili huanza kutetemeka, na haitatulia mpaka kaburini. Alinitajia mzee mmoja wa upande wao ambaye alikuwa anamwaga chai yote kabla haijafika mdomoni, na mke wa mwanawe ambaye hakuweza tena kutia uzi kwenye sindano. Nimesoma. Najua magonjwa yanayotetemesha mikono na najua hayaambukizwi kwa kumshika mtu. Lakini pale, mzee akining'inia mbele yangu, elimu yangu yote ilikimbia nikabaki na shangazi.

Na sikuogopa kutetemeka peke yake. Nilimwogopa yeye. Niliogopa kwamba nikimshika atanichukia, kwamba akipona hatakuja tena kukaa nje ya nyumba yangu jioni kumsubiri mjukuu wake, kwamba mume wangu ataniuliza ulimgusaje baba yangu na mimi sitakuwa na jibu. Niliona damu imefika kwenye kiwiko. Grenda ikanyamaza. Nikashusha pumzi. Kisha ikaanza tena. Fundi alikuwa amebadilisha chuma tu, na mtoto alikuwa hajaonekana mbele ya macho yake.

Nilifungua kitenge nilichojifunga kiunoni. Nikamwambia, "Baba, kitambaa tu. Siyo mimi, ni kitambaa." Nilikirusha kifuani kwake kutokea nyuma, nikakipitisha kwapani, nikashika ncha mbili na kuvuta juu kama tunavyofunga mtoto mgongoni. Hakukataa. Kwa muda kilishika. Kisha magoti yalikwenda yote mawili, kitenge kikateleza hadi shingoni kwake, na kwa mara ya kwanza akatoa sauti. Haikuwa sauti ya mzee ninayemjua.

Hapo nikamshika. Nilitupa kitenge, nikamkumbatia kifuani kwa mikono yangu yote, nikamwinua mpaka miguu yake ikakanyaga miguu yangu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Mgongo wake ulikuwa juu ya kifua changu na nilisikia moyo wake ukienda mbio, na wangu ukiufuata. Alinuka sabuni ya kufulia na moshi. Alianza kusema kwa Kinyambo, maneno ya chini chini, ambayo hayakuwa yangu kuyasikia, na mimi nilisema, "Nisamehe baba, nisamehe baba," bila kujua ninaomba samahani ya kipi, mpini, au kuchelewa, au kumshika.

Fundi alifika akikimbia na grenda mkononi na waya ukiburuzwa. Alikata mnyororo juu ya vichwa vyetu. Cheche zilituangukia, zikanichoma shingo, na sikumwachia. Mnyororo ulipokatika tulianguka wote wawili chini, mimi chini yake. Binti yangu alikuwa amesimama anatutazama, mama na babu wameshikana, na hakulia. Aliuliza kama sasa wote tutakuwa wagonjwa. Sijui nani alikuwa amekwisha kumwambia.

Fundi alitupeleka hospitali kwa pikapu yake. Njia nzima niliushikilia ule mkono juu, nimeufunga kwa kitenge, na mzee alikuwa amefumba macho. Daktari alikata vidole viwili. Cha tatu, kidole cha shahada, kiliwezekana. Alipotoka chumba cha upasuaji alinieleza kama mtu wa kazi anavyomweleza mwenzake. Alisema meno ya gia hayakuwa mabaya sana, mfupa ulikuwa umepasuka tu. Kilichomaliza vile viwili ni uzito. "Alining'inia muda. Hapakuwa na mtu wa kumwinua?"

Nikasema palikuwa na mtu, lakini alichelewa.

Ndugu walikuja na chupa za uji na ndizi, wakasema ajali haina kinga. Wakaniambia pole na hongera, umemwokoa. Hakuna aliyeniuliza nilimshikaje. Nadhani walijua na waliamua kutojua, na kila neno la hongera lilinikata. Mume wangu aliniambia kwa simu asante, kisha akasema tutaongea nikirudi.

Baba mkwe aliporuhusiwa hakuja kufunga kidonda kwetu, ingawa zahanati iko karibu kiasi kwamba akipiga chafya nyumbani kwake naisikia. Alipanda bodaboda kila siku ya pili mpaka zahanati ya Kihanga. Barabara ile ina vumbi, na kidonda hakipendi vumbi. Jioni hakuja tena kukaa nje kwangu. Mtoto alimfuata kwake, akirudi namuuliza: babu anashikaje kikombe? Anamwaga? Mtoto anasema anashika kwa mkono wa kushoto. Hilo halikunisaidia. Kila asubuhi kabla sijashuka kitandani nilinyoosha mikono yangu mbele na kuitazama. Siku nyingine ilitulia, siku nyingine nikaona kama vidole vinacheza, na nikaificha chini ya shuka nikijiambia ni baridi. Niliwachoma watu sindano kwa hofu. Mgonjwa mmoja aliniuliza kama nina njaa.

Kisha mtoto akasema, "Mama, mkono wa babu unanuka."

Nilijua maana yake. Kidole cha tatu kilikuwa kinakwenda, na kikienda vibaya kitachukua mkono. Nilikaa siku nzima nikijipanga kwenda kwake na sikwenda. Kesho yake mvua kubwa ilinyesha, bodaboda hazikupita, na yeye akaja mwenyewe, kwa miguu, mwavuli ukiwa umevunjika upande mmoja. Mwenzangu alikuwa semina. Mzee aliketi mwisho wa benchi akawaacha watu wote wapite mbele yake, hata waliofika baada yake. Walipokwisha aliingia. Nilipiga goti nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Alivuta kiti na kuweka mkono juu ya meza yangu.

Nilivaa glavu. Nilifungua bandeji iliyokuwa imegandamana na ngozi, nikasafisha, nikakata kilichokufa. Kulikuwa na usaha lakini mfupa ulikuwa hai. Mkono ungepona, kama angekuja kila siku na siyo kwenda Kihanga. Nilimwambia hivyo, nikiangalia kidonda. Mvua ilipiga bati.

"Siku ile," alisema hatimaye, "mpini ulipokuwa mgumu, ulijua ni mkono wangu?"

"Hapana, baba. Nilidhani ni kutu."

Aliitikia kwa kichwa. Hilo alikuwa amekwisha kuliamini.

"Na uliposimama pale. Unanitazama. Ulijua kwamba vidole vinakwenda?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na hakuna duniani ambaye angeupinga. Lakini nilikuwa nimeshika mkono wake, na palipokuwa na vidole viwili palikuwa na mshono nilioutazama nikijibu.

"Ndiyo, baba. Nilijua."

"Hata mimi nilijua," alisema. "Nilivisikia vinakwenda, na bado nikakwambia usinishike."

Nilimaliza kufunga bandeji. Nikamwambia aje kesho saa tatu, akasema atakuja. Hakuna kati yetu aliyempa mwenzake pole.